Kibandiko cha milimita 3 kwenye rafu ya masijala: uchambuzi wa kisa cha Bokode

Msimbopau wa EAN-13, ule wa mistari ulio kwenye bidhaa za dukani, katika ukubwa wake wa kawaida unakula upana wa milimita 37.29, na mstari wake mwembamba kuliko yote una milimita 0.33. Mwaka 2009, Ankit Mohan, Grace Woo, Shinsaku Hiura, Quinn Smithwick na Ramesh Raskar wa MIT Media Lab nchini Marekani waliwasilisha kwenye SIGGRAPH, mkutano wa michoro ya kompyuta, kibandiko cha aina nyingine kabisa, wakakiita Bokode. Kinachoonekana kwa nje ni tundu la milimita 3. Ndani yake mna mchoro wenye seli, yaani miraba midogo ya msimbo, za maikroni 15 (maikroni 1000 ni milimita 1), na kamera ya kawaida ya dukani iliusoma kutoka umbali wa hadi mita 2.

Waliosikia habari hizo wengi walishangazwa na udogo wa kibandiko. Udogo huo ni wa kweli, ila haukuja bure: mzigo ulihamishwa kutoka kwenye kibandiko ukawekwa kwenye lenzi ya kamera. Asiyelijua hilo atatengeneza vibandiko vizuri sana, kisha atashangaa kwa nini simu yake haioni chochote. Hapa tunachukua hali moja na kuipigia hesabu hadi mwisho.

Hali yenyewe

Rafu moja ya masijala ina majalada 10 magumu ya boksi, kila moja mgongo wake una upana wa milimita 80. Kamera imefungwa mbele ya rafu, mita 2 kutoka kwenye migongo hiyo. Masharti ni matatu. Alama inayoonekana kwenye kila jalada isizidi milimita 3. Majalada yote 10 yasomwe kwa picha moja. Na mfumo utambue jalada lililosogezwa au kugeuzwa kidogo, hata kama namba yake ni ileile. Sharti la tatu ndilo linaloifanya Bokode istahili kufikiriwa. Bila hilo, karatasi iliyochapwa ingetosha, na tutaona hivyo mbele.

Kinachotokea ndani ya kibandiko

Kuna vitu vitatu vimepangwa kimoja nyuma ya kingine: taa ya LED, filamu yenye mchoro, na lenzi ndogo. Filamu inakaa hasa kwenye fokasi ya lenzi ndogo. Kwa hiyo kila nukta ya mchoro inatoka nje kama shada la miale sambamba, na kila shada lina mwelekeo wake. Kamera nayo inawekwa fokasi kwenye ∞, yaani umbali usio na mwisho. Lenzi iliyolengwa hivyo hukusanya miale sambamba kuwa nukta moja kwenye kihisi. Kibandiko chenyewe, ambacho kiko karibu, kinatoka kama duara la ukungu, lakini ndani ya duara hilo mchoro unasomeka vizuri kabisa, umekuzwa.

Ukuzaji ni urefu wa fokasi wa kamera ugawanywe kwa urefu wa fokasi wa lenzi ndogo. Tukitumia lenzi ndogo ya milimita 8 na lenzi ya kamera ya milimita 85, ukuzaji ni mara 10.6. Seli ya maikroni 15 inakuwa maikroni 159 kwenye kihisi, yaani karibu pikseli 27 kama kila pikseli ina maikroni 6. Umbali haumo kabisa kwenye hesabu hiyo. Jalada likiwa mita 1 au mita 3, seli inabaki na pikseli 27.

Kinachobadilika na umbali ni sehemu ya mchoro inayoonekana. Kipenyo chake hupatikana hivi: kipenyo cha tundu la lenzi ya kamera, mara urefu wa fokasi wa lenzi ndogo, gawanya kwa umbali. Kanuni hii moja ndiyo inayoamua mradi wote.

Tundu la lenzi ndilo linaloamua

Tunatumia Data Matrix, msimbo wa mraba wenye seli nyeusi na nyeupe, ya seli 10 kwa 10, ambayo inabeba tarakimu 6, yaani namba 1,000,000 tofauti. Mchoro umejazwa vigae vya msimbo huo huo, vimepangwa kama sakafu. Vikiwa vyote sawa si lazima kigae kizima kionekane. Dirisha lolote la seli 10 kwa 10 lina seli zote, hata kama zimeanzia katikati, na programu inaweza kuzipanga upya. Mraba wa seli 10 unahitaji duara la seli 14.1, nasi tunaweka 15 ili kufidia seli zinazokatwa pembeni. Seli 15 za maikroni 15 ni milimita 0.225.

Kwa mita 2 na lenzi ndogo ya milimita 8, tundu la kamera linalohitajika ni 0.225 × 2000 ÷ 8, yaani milimita 56. Lenzi ya milimita 85 yenye f/1.4, yaani urefu wa fokasi ugawanywe kwa 1.4, ina tundu la milimita 60.7, kwa hiyo inaonesha seli 16.2. Inatosha, bila ziada kubwa. Lenzi nafuu ya milimita 50 yenye f/1.8 ina tundu la milimita 27.8, na kwa masharti yaleyale inafika mita 1 tu.

Sasa chukua kamera ya simu yenye urefu wa fokasi wa milimita 5.6 na f/1.8. Tundu lake ni milimita 3.1. Umbali wake wa mwisho wa kusoma kibandiko hiki ni sentimita 11. Kwa umbali huo simu hiyohiyo husoma Data Matrix ya karatasi bila taa, bila lenzi ndogo na bila betri. Kuongeza megapikseli hakusaidii hata kidogo, kwa sababu pikseli hazikuwa tatizo tangu mwanzo. Tunaamini hii ndiyo sababu kubwa ya vibandiko hivi kutoonekana madukani, maana kifaa ambacho kila mtu anacho mkononi ndicho hasa kisichovifaa.

Vifaa na utengenezaji

Mchoro hauwezi kutoka kwenye printa ya ofisini. Printa ya leza ya nukta 1200 kwa inchi ina nukta ya maikroni 21, kubwa kuliko seli yenyewe. Inahitajika filamu ya mashine ya kupigia chapa yenye nukta 5080 kwa inchi. Nukta yake ni maikroni 5, hivyo seli moja ni nukta 3 kamili. Mashine ya nukta 2540 ina nukta ya maikroni 10, na 15 haigawanyiki kwa 10. Ukilazimisha, seli moja itatoka nukta 1 na jirani yake nukta 2, na msimbo utaharibika kabla haujafika kwenye lenzi. Kama ni hiyo tu inayopatikana, panga seli ziwe maikroni 20 na ukubali umbali upungue hadi mita 1.6. Kioo chenye tabaka la kromu ni bora zaidi kwa ukali wa kingo, na hakipindi.

Eneo la mchoro liwe mraba wa takriban milimita 5.8, ili kamera iweze kuona kitu hata ikiwa imekaa digrii 20 upande wowote. Hapo vinaingia vigae karibu 39 kwa kila upande.

Lenzi ndogo iwe na kipenyo cha milimita 3. Hapa usichukue lenzi ya kawaida ya uso wa tufe ukadhani imetosha. Kwa kipenyo cha 3 na fokasi ya 8, kasoro ya tufe peke yake, yaani miale ya pembeni mwa lenzi kutokutana mahali pamoja na ya katikati, inatandaza nukta moja hadi karibu maikroni 28 kwenye mchoro, na seli yetu ni 15. Kuna njia mbili. Ama tumia lenzi ya uso usio wa tufe, ama funika kingo za lenzi ya kawaida hadi libaki tundu la milimita 2, ambapo mtandazo huo unashuka hadi karibu maikroni 8. Lenzi yenye upande mmoja bapa iwekwe upande wa bapa ukitazama filamu na upande wa mbinuko ukitazama kamera. Ikigeuzwa, kasoro hiyo inaongezeka karibu mara nne, na kwa macho kibandiko bado kitaonekana kizima. Hili ndilo kosa tunaloshauri likaguliwe kwanza picha inapotoka na ukungu usioelezeka.

Nyuma ya filamu, milimita 1 au 2, weka plastiki nyeupe ya kutawanya mwanga, kisha LED nyekundu. Bila plastiki hiyo, LED inaangaza katikati ya mchoro tu, na ukisogea pembeni duara linazimika.

Filamu yenyewe ina unene wa karibu milimita 0.1, na wino wake uko upande mmoja. Upande wa wino utazame lenzi ndogo. Kamera inaona mchoro kama mtu anayechungulia kwa kioo cha kukuzia, haupinduki kushoto kulia. Kwa hiyo mwambie mpiga chapa kwamba msimbo usomeke sawasawa ukiutazama kutoka upande wa wino. Filamu ikiwekwa kinyume, msimbo unageuka kama kwenye kioo cha kujitazamia, na pia mchoro unasogea nje ya fokasi.

Kuhusu fokasi, ruhusa ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Tukikubali ukungu wa nusu seli, maikroni 7.5, filamu inaweza kuwa nje ya nafasi yake kwa maikroni 20 tu. Gundi iliyokauka kwa unene usio sawa inatosha kuharibu kibandiko. Kwa hiyo usigandishe kitu kabla ya kurekebisha. Tumia kishikio chenye nyuzi za skurubu za hatua ya milimita 0.5, kama zile za M12 zinazotumika kwenye lenzi ndogo za kamera. Maikroni 20 hapo ni mzunguko wa digrii 14, kiasi ambacho mkono unaweza kukidhibiti. Washa taa, tazama picha moja kwa moja kwenye skrini ya kamera, zungusha polepole mpaka kingo za seli zikaze, ndipo utie tone la gundi kwenye nyuzi.

Fokasi ya kamera ni kinyume chake, ina uvumilivu mkubwa. Kila shada la miale lina upana wa milimita 3 tu, kwa hiyo linatumia kipande kidogo cha lenzi kubwa. Ukilenga kitu kilicho mita 20 badala ya ∞, ukungu unaoongezeka ni maikroni 13, pikseli 2 kati ya 27. Zima fokasi ya kujiendesha, lenga dirishani kitu cha mbali, kisha funga pete kwa utepe. Kamera ikiachwa ijilenge yenyewe itakimbilia kwenye migongo ya majalada, na duara litaporomoka kuwa nukta ya mwanga.

Pale rafu inapogoma

Tatizo la kwanza ni nafasi kati ya vibandiko. Duara la ukungu, likipimwa pale kwenye rafu, lina upana sawa na tundu la lenzi ya kamera, kwa umbali wowote. Kwa lenzi yetu ni milimita 60.7, na kingo zinafifia kwa upana wa lenzi ndogo, hivyo hesabu milimita 64. Vibandiko viwili vilivyo karibu zaidi ya hapo, maduara yao yanapandana na misimbo inachanganyika. Migongo ya milimita 80 inapita. Vitabu vya milimita 20 visingepita, isipokuwa taa ziwashwe kwa zamu na kila zamu ipigiwe picha yake. Kwa hiyo kibandiko kina milimita 3, lakini nafasi kinayomiliki kwenye rafu ni ya milimita 64. Kadiri unavyoongeza tundu ili ufike mbali, ndivyo nafasi hiyo inavyokua.

Upana wa picha nao una mpaka. Kihisi cha milimita 36 na lenzi ya 85 kinaona milimita 847 za rafu kwa mita 2. Majalada 10 yana milimita 720 kutoka kibandiko cha kwanza hadi cha mwisho. Ongeza 64 za maduara, ni 784. Jalada la kumi na moja lingevuka, kwa kuwa lingehitaji 864.

La tatu ni gumu zaidi, na halionekani ukijaribu kibandiko kimoja tu mezani. Lenzi ndogo ya kioo kimoja haitengenezi fokasi kwenye uso bapa, fokasi yake ni bonde. Kwa kioo cha kawaida, filamu bapa inatoka nje ya ruhusa ya maikroni 20 mara kamera inapopita takriban digrii 5 kutoka mbele ya kibandiko. Kwenye rafu yetu, kuanzia katikati kwenda kila upande, pembe ni 1.1, 3.4, 5.7, 8.0 na 10.2. Majalada manne ya kati yanasomeka, sita ya pembeni yanatoka na ukungu. Dawa ni kabari. Kabari ya digrii 8 chini ya kishikio, ikikielekeza kibandiko upande wa kamera, inayaacha majalada hayo sita na mabaki ya digrii 2.3, 0 na 2.2. Kipimo kimoja cha kabari kinatosha kwa yote, mradi kushoto na kulia visibadilishwe. Mtu akirudisha jalada la kushoto upande wa kulia, kibandiko chake kitatazama ukutani. Ni vyema kabari zipakwe rangi mbili.

Bado lenzi ya kamera yenyewe. Ikiwa imefunguliwa kabisa, duara la pembeni mwa picha halibaki duara. Fremu ya lenzi inalikata ubavuni likawa na umbo la lozi. Ziada yetu ilikuwa seli 1.2 tu, na mkato huo unaweza kuila yote kwenye majalada mawili ya mwisho. Kupunguza seli hadi maikroni 12 kunarudisha ziada hiyo, maana mahitaji yanashuka hadi milimita 0.18, lakini ruhusa ya fokasi inabana kuwa maikroni 16 na mashine ya chapa ya nukta 5080 haigawi 12 sawasawa. Kwa rafu hii tungechagua kulegeza sharti la pili na kupiga picha mbili, kamera ikisogezwa pembeni kati ya moja na nyingine.

Kusoma

Programu za kawaida za Data Matrix zitakataa picha hii, kwa sababu zinataka ukingo mtupu wa seli 1 pande zote, na vigae vilivyobanana havina. Inabidi kazi ifanywe kabla. Kata duara. Panga gridi yenye hatua ya pikseli 26.6, ambayo haibadiliki na umbali, hivyo hakuna haja ya kutafuta kipimo. Amua kila seli ni nyeusi au nyeupe kwa kulinganisha na majirani, si kwa kiwango kimoja cha duara zima, kwa kuwa mwanga wa pembeni ni hafifu. Tafuta safu na mstari ulio mweusi wote, ambao unajirudia kila baada ya seli 10, na ukate hapo. Ongeza ukingo mtupu, kisha ndipo uipe programu.

Mahali mkato ulipoangukia panatoa pembe. Seli moja ni takriban digrii 0.1, kigae kizima digrii 1.07. Kwa kuwa vigae ni sawa, pembe inajulikana ndani ya kigae tu, na mzunguko wa digrii 1.07 kamili utaonekana kama hakuna kilichotokea. Kila kigae kikipewa namba ya nafasi yake, utata unaondoka, lakini hapo ni lazima kigae kizima kionekane popote duara linapoangukia. Mahitaji yanapanda hadi seli 28.3, na umbali unashuka hadi mita 1.14 kwa lenzi ileile. Kwa rafu hii tunabaki na vigae sawa, tukifuatilia mabadiliko kati ya picha na picha.

Umbali unapatikana kwa upana wa duara. Kwa mita 2 lina pikseli 430, kwa mita 2.1 lina 410. Pikseli moja ni karibu milimita 5, kwa hiyo jalada lililovutwa milimita 20 linagundulika.

Umeme

LED kwa miliampea 5 kwenye betri ndogo ya kidonge ya CR2032 yenye takriban miliampea-saa 220 inamaliza betri kwa saa 44, na hiyo ni hesabu ya juu. Betri ndani ya kila jalada haifai kwa taa inayowaka daima. Utepe wa volti 5 uliofungwa kwenye rafu, na rezista ya omu 620 kwa kila LED, unatumia miliampea 50 kwa majalada yote. Jalada likitolewa taa inazimika, na hiyo nayo ni taarifa.

Waliobuni Bokode walionesha pia aina isiyo na taa, ambapo nyuma ya mchoro kuna karatasi inayorudisha mwanga ulikotoka, na kamera ndiyo inayoangaza. Mwanga huo lazima upite kwenye mhimili wa lenzi, kwa kioo nusu-kiakisi, na kwa kupita mara mbili hapo unabaki usiozidi robo. Kuna jambo jingine linalosahaulika: chanzo cha mwanga nacho kinafanywa kuwa picha kwenye mchoro. Chanzo cha milimita 5 kinaangaza maikroni 20 tu, seli moja na kitu. Ili duara lote liwake, paneli ya mwanga iwe angalau pana kama tundu la lenzi, milimita 61.

Mshindani

Data Matrix ya karatasi yenye upande wa milimita 3, kwa kamera hiyohiyo na mita 2 hizohizo, inapata pikseli 2.2 kwa seli. Hiyo ni chini kidogo ya inayohitajika, na kihisi chenye pikseli za maikroni 4 kinaifikisha 3.3. Lenzi ikifungwa hadi f/8, kina cha fokasi kinakuwa takriban sentimita 5 kwa ukungu wa pikseli moja ya maikroni 6. Kwa namba peke yake, karatasi inashinda, na tungeshauri hivyo bila kusita. Hata gharama inaelekea huko: mwaka 2009 kibandiko cha majaribio kiligharimu karibu dola 5 za Marekani, sehemu kubwa ikiwa lenzi, ingawa wabunifu walitarajia ishuke hadi senti 5.

Karatasi haitoi pembe ya digrii 0.1 kutoka alama ya milimita 3. Kwa sharti la tatu la rafu hii, Bokode inabaki bila mpinzani, kwa bei ya lenzi ya f/1.4, kabari sita na utepe wa umeme. Likiondolewa sharti hilo, chapa karatasi.